Shajara ya kielelezo cha Alpi za Bern kwa maboksi na jipsamu

Jumamosi, 18 Januari 2025

Mwaka jana nilitoa jaribio la Jiografia kuhusu sura za nchi zinazochongwa na barafu. Vijana wangu wa Kidato cha Tatu walichora vizuri: bonde la umbo la U, bonde linaloning'inia, ukingo mkali kati ya mabakuli mawili yaliyochimbwa na barafu. Alama wakapata. Siku ya kurudisha karatasi nikawauliza kwa mdomo tu, hiyo Alps ni nini? Mkono wa kwanza kunyooka ukajibu, "Ni mlima, Madam. Uko Uswisi." Wa pili akaongeza kwamba ni mrefu kuliko Kilimanjaro.

Siwalaumu. Mlima wanaoujua ni Kilimanjaro, unaosimama peke yake, unaweza kuuzunguka kwa gari ukarudi ulikotoka. Milima iliyokaa kikundi, yenye mabonde ndani ya mabonde, haielezeki ubaoni. Ndiyo maana nimeamua kutengeneza kielelezo. Nitaandika hapa kila hatua na gharama zake, ili mwalimu mwingine akitaka kuiga asirudie makosa yangu.

Nimechagua kikundi kimoja tu, Alpi za Bern, na si zote, upande wa mashariki: kutoka bonde la Lötschental hadi kipito cha Grimsel, na kutoka mji wa Brig ulio kwenye mto Rhône hadi juu kidogo ya Grindelwald. Ni eneo la kilomita 44 kwa 36. Humo ndani kuna vilele 9 vya zaidi ya mita 4,000 katika orodha ya UIAA, shirikisho la kimataifa la wapanda milima, kuna Aletsch, mto wa barafu mrefu kuliko yote ya Alps, na kuna bonde la Lauterbrunnen ambalo ni kama limechorwa kwa ajili ya kitabu cha kiada. Kwa skeli ya 1:50,000 kielelezo kitakuwa na sentimita 88 kwa 72. Kitapita mlangoni.

Leo nimeshakosea tayari. Nilipakua data za urefu zilizopimwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, faili ndogo, za bure. Nikazifungua kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya ramani, nikachora mistari ya kontua, inayounga sehemu zenye kimo sawa, nikaweka upana wa sentimita 88, nikapeleka steshenari. Nilitegemea karatasi 9 za A3. Zikatoka 6. Nikafurahi kwamba nimeokoa shilingi 3,000!

Nyumbani nikaziunga kwa seloteipu ukutani. Ramani ilikuwa na kimo cha sentimita 50 badala ya 72. Milima yote imelala, kama mtu kaikalia. Nilikaa na kikokotoo hadi chai ikapoa ndipo nikaona. Data zile zimepangwa kwa digrii, na mimi nilizichora kana kwamba digrii ya longitudo ina urefu sawa na digrii ya latitudo. Hapa Njombe, digrii 9 kusini mwa ikweta, tofauti ni kama asilimia moja, hakuna anayeiona. Uswisi ni digrii 46 na nusu kaskazini. Kule digrii moja ya longitudo ni kilomita 77 hivi, ya latitudo ni 111. Miaka yote nimefundisha kwamba longitudo hukaribiana kadiri unavyoelekea ncha, na sijawahi kulipia somo hilo mpaka leo.

Gharama hadi sasa: 6,000.

Jumamosi, 1 Februari 2025

Data zile za chombo cha anga nimeziacha kabisa. Hata baada ya kurekebisha digrii, vilele vilikuwa vimekatwa vichwa: Finsteraarhorn, kilele kirefu kuliko vyote vya kikundi hiki, ilisomeka chini ya mita zake 4,274, na kwenye kuta kali kulikuwa na matundu yasiyo na namba.

Uswisi yenyewe inatoa vipimo vyake bure tangu Machi 2021. Vinaitwa swissALTI3D, vya ofisi ya ramani ya taifa, swisstopo. Vimekatwa vigae vya kilomita moja kwa moja, na vimepangwa kwa mita, kwa hiyo ule ugonjwa wa digrii haupo. Eneo langu linahitaji vigae 1,584. Kuna aina mbili, ya nukta kila nusu mita na ya kila mita 2. Nikajisemea, kwa nini nichukue kibaya kama kizuri ni bure?

Bando la shilingi 10,000 likakata sijafika hata robo ya vigae. Ndipo nikapiga hesabu ambayo ningeipiga kwanza: nusu mita kwa skeli ya 1:50,000 ni milimita 0.01. Makali ya kisu changu ni manene kuliko hapo. Nikafuta vyote, nikachukua vya mita 2 usiku kwa bando la 5,000, vikatosha.

Ramani mpya imetoka karatasi 9, sentimita 88 kwa 72. Ukiiangalia kwa mbali Aletsch inaonekana mara moja, ule mkunjo mrefu unaoshuka kusini halafu unapinda kuelekea bonde la Rhône.

Gharama hadi sasa: 30,000.

Jumamosi, 15 Februari 2025

Kosa la leo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu limekula wiki mbili za jioni.

Njia ninayotumia ni ya matabaka. Kila mstari wa kontua unakatwa kipande cha boksi chenye umbo lake, vipande vinabandikwa kimoja juu ya kingine. Unahamisha mstari kutoka kwenye ramani kwa karatasi ya kaboni, na kwenye kipande hichohicho unachora pia mstari unaofuata juu yake, ili ujue pa kukiweka kile kingine. Kwa hiyo ramani moja inatosha, huhitaji kuchapa kumi na nane.

Nilichagua kontua za kila mita 100, nikaanza na vilele maana vipande vyake ni vidogo. Nikajenga kilele cha Eiger peke yake kutoka mita 2,000 kwenda juu, matabaka 20. Nikaiweka mezani ofisi ya walimu ikauke. Mwalimu wa Fizikia akapita na kikombe chake, akasimama.

"Mwalimu, huu ni mnara wa simu?"

Nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Boksi langu lina unene wa milimita 4. Mita 100 kwa skeli ya 1:50,000 ni milimita 2. Nilikuwa nimeirefusha milima mara mbili bila kujua. Eiger yangu ilikuwa sentimita 8 wakati ilipaswa kuwa karibu 4. Wachora ramani huongeza kimo kwa makusudi pale skeli inapokuwa ndogo na milima ingeonekana kama mikunjo ya shuka. Lakini Alps kwa 1:50,000 haihitaji kusaidiwa. Ukuta wa kaskazini wa Eiger una kimo cha mita 1,800 hivi, na ukali wake wa kweli unatisha vya kutosha.

Kulikuwa na njia mbili: kutafuta boksi la milimita 2, au kubadili kontua ziwe za kila mita 200, ambazo ni milimita 4 kamili. Nimechukua ya pili. Nikianzia mita 800 hadi 4,200 ni matabaka 18, na ubao wa chini utakuwa mita 600. Ninachopoteza ni vitu vidogo kati ya mstari na mstari. Eiger, kwa mfano, ina mita 3,967, tabaka lake la mwisho ni 3,800, kwa hiyo kichwa chake chote kitafinyangwa kwa mkono. Sawa.

Ule mnara nimewapa watoto wa jirani.

Gharama: kaboni 3,000, makali ya kisu 4,000. Jumla 37,000.

Jumamosi, 8 Machi 2025

Nimepata wasaidizi wanane wa Kidato cha Tatu, kila Jumamosi baada ya usafi. Kukata ni kukata, sina la kusema sana. Mambo matatu tu.

La kwanza ni maboksi. Usichanganye. La biskuti ni jembamba, la friji lina mawimbi mawili na ni nene karibu maradufu. Tulizunguka madukani na rula, tukapanga kumi kumi na kupima. Rundo la kumi lisilofika sentimita 4 tuliliacha. Maboksi 30, shilingi 500 kila moja.

La pili, Lauterbrunnen. Kwenye mabonde mengine mistari inapishana kwa nafasi, unakata kwa raha. Pale kuta za bonde zimesimama wima na mistari inagandana, wa 1,000 na wa 1,200 ni kama mmoja. Binti aliyekuwa anakata akaniambia ramani imeharibika. Nikamwonyesha: maporomoko ya Staubbach yanadondoka pale mita 297 kutoka ukingoni mwa bonde. Kijito kilichoyaleta kilikuwa na bonde lake, ila barafu kubwa ya bonde kuu ilichimba chini zaidi, ikakiacha juu kinaning'inia. Kwa kielelezo chetu ni milimita 6, tabaka moja na nusu. Aliikata upya, kingo mbili zikalingana kabisa. Sijawahi kueleza bonde linaloning'inia kwa maneno machache namna ile.

La tatu ni kimo. Tulipanga matabaka yote bila gundi tukaweka matofali juu usiku mmoja, kujaribu. Asubuhi rundo lilikuwa milimita 66 badala ya 72. Mawimbi ya ndani ya boksi yamelala. Milimita 6 ni mita 300! Finsteraarhorn ilikuwa imeshushwa ikawa karibu sawa na Eiger ya kweli, tena kwa milimita chache tu za boksi zilizobonyea. Dawa: kila baada ya matabaka matatu tunaongeza kadi ngumu ya milimita moja, migongo ya kalenda za zamani. Kadi sita, milimita sita.

Kisha nikafanya ubahili. Gundi nyeupe ya seremala ni ghali, nikapika uji wa unga wa ngano kama tulivyofanya tukiwa wadogo kutengeneza tiara. Tukabandika matabaka saba ya chini, tukafungia stoo.

Jumatatu panya walikuwa wamekula Lötschental. Si kwa kutania, bonde lote la magharibi, kutoka mdomoni hadi karibu na kilele cha Bietschhorn, lilikuwa na kingo za meno. Wamepanda hadi tabaka la nne.

Gharama: maboksi 15,000, ubao wa plaiwudi kwa fundi 18,000, unga 2,000. Jumla 72,000.

Jumamosi, 22 Machi 2025

Tumerudia matabaka saba kwa gundi nyeupe, kilo mbili, 16,000. Panya hawaigusi. Mwenye kuiga asipoteze muda na uji.

Ila mvua za Machi hapa Njombe hazina huruma, na gundi ya maji inalipinda boksi. Tabaka la kwanza tulilopaka upande mmoja lilijikunja kama chapati kwenye kikaango. Tulichofanya: gundi nyembamba, ipakwe kwa kipande cha kadi na si kwa brashi, mawimbi ya tabaka moja yaelekee mashariki, la juu yake yaelekee kaskazini, yazuiane, kisha nailoni na matofali kwa siku mbili. Na tusibandike zaidi ya matabaka matatu kwa mara moja.

Kufika jioni ya Ijumaa tulikuwa kileleni. Hapo ndipo vijana walipoanza kuona jambo ambalo orodha ya vilele haikuwa imewaonyesha. Tabaka la mita 3,000 bado ni kipande kimoja kikubwa chenye matundu. La 3,600 ni vipande vya kamba kamba. La 4,000 ni makombo yaliyotawanyika: Jungfrau, Mönch, Aletschhorn, Schreckhorn na wenzao, kila mmoja kisiwa chake. Na tabaka la mita 4,200 ni kipande kimoja peke yake, cha Finsteraarhorn, ukubwa wa punje ya mchele.

Kwa hiyo punje hiyo ikapotea. Mmoja alikuwa anafagia. Tulipekua jalala dakika ishirini kutafuta mita 74 za mwisho za Alpi za Bern, halafu nikakata nyingine. Unapofika matabaka ya juu, weka sahani.

Kabla ya kufunga, kijana mmoja aliuliza Njombe ingekuwa wapi. Mji wetu uko karibu mita 2,000, nikamwambia ahesabu. Kidole chake kikatua Kleine Scheidegg, kipito chenye mita 2,061 chini ya ukuta wa Eiger. Kule miti inaishia hapo hapo, juu yake ni majani na mawe. Huku tunalima chai na viazi. Akaniangalia kana kwamba mmoja wetu anadanganya. Nusu saa ya somo la latitudo na hali ya hewa imetoka kwenye kidole kimoja, na sikuwa nimeipanga.

Jumla 88,000.

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Jipsamu. Nilinunua kilo 5 kwa fundi wa dari, 7,500.

Kwanza boksi lipakwe gundi iliyozimuliwa kwa maji, likauke, la sivyo linanyonya maji ya jipsamu na kulegea. Changanya kikombe kimoja kimoja. Sisi tulichanganya beseni, ikashika tukiwa tunabishana nani aanze.

Lengo ni kujaza ngazi kati ya tabaka na tabaka ili mteremko uwe mteremko. Tukajaza kwa vidole, tukalainisha kwa sponji yenye maji, vizuri sana, kwa upendo. Tulipomaliza eneo la Fiescherhorn tukarudi nyuma kuangalia.

"Maandazi," mmoja akasema kwa sauti ya chini.

Kweli yalikuwa maandazi. Kila kilele kimevimba, kila ukingo umekuwa mgongo wa ng'ombe. Nilitafakari siku mbili kwa nini, maana matabaka ya chini yalikuwa sahihi. Jibu liko kwenye kidole. Kidole kinaposukuma jipsamu kwenye ngazi kinaiacha imetuna nje. Milima iliyochongwa na mvua na udongo, kama vilima vyetu vya huku, imetuna hivyo. Lakini milima ya barafu imechimbwa. Barafu imekaa ubavuni, imekula kuelekea ndani, ikaacha bakuli. Mabakuli mawili yakikutana mgongo kwa mgongo kinabaki ukingo mwembamba kama kisu. Matatu au manne yakizunguka sehemu moja kinabaki kilele cha pembe. Kila mteremko unatakiwa kubonyea ndani, si kutuna.

Tukabadili chombo. Tumechukua vijiko vya chai, mgongo wa kijiko ndio unaofinyanga, kila mteremko unapitishwa kijiko kutoka juu kuvuta chini. Jipsamu iliyokwisha kukauka tuliilowesha na kuikwangua kwa mpini. Kazi ya Jumamosi tatu ikawa nne. Lakini Schreckhorn ya kijiko inachoma kiganja ukiigusa, na vijana hawahitaji tena kukariri.

Kuta za Lauterbrunnen hatukuzigusa kabisa. Zimebaki boksi wima, zimepakwa gundi tu.

Kitu cha kujipa moyo: Waswisi wenyewe wamekuwa wakifanya kazi hii kwa muda mrefu. Franz Ludwig Pfyffer wa Luzern alianza kielelezo chake cha Uswisi ya Kati miaka ya 1760 na akamaliza 1786, na Eduard Imhof, mchora ramani, alijenga Bietschhorn kwa maonyesho ya kitaifa ya Zürich ya mwaka 1939. Bietschhorn ileile ambayo panya wangu walikaribia kuimaliza.

Jumla 95,500.

Jumamosi, 26 Aprili 2025

Sikukuu ya Muungano, shule tulivu, siku nzuri ya kupaka rangi. Rangi za maji, 12,000.

Nikatoa kanuni rahisi: chini ya mita 2,000 kijani, hadi 3,000 kahawia, juu yake nyeupe. Ndivyo tunavyouona Kilimanjaro kwenye picha, kofia nyeupe kichwani. Walipaka saa tatu nzima, kikapendeza. Nikawapiga picha.

Jioni nikakifananisha na ramani ya swisstopo. Ramani ile ina ujanja ambao sikuwa nimeutilia maanani: mistari ya kontua ina rangi tatu. Kwenye udongo na majani ni kahawia, kwenye mawe ni nyeusi, kwenye barafu ni ya bluu. Na bluu yao haikufanana na nyeupe yangu hata kidogo.

Mahali penye barafu nyingi kuliko pote katika Alps, Konkordiaplatz, ni uwanda ulio chini ya mita 3,000. Huko hukutana mikondo minne, Grosser Aletschfirn, Jungfraufirn, Ewigschneefeld na Grüneggfirn, na barafu ina kina cha karibu mita 800. Mimi nilikuwa nimepapaka kahawia. Ulimi wa Aletsch unashuka hadi chini ya mita 1,800, na huko nilikuwa nimepaka kijani, kana kwamba ni shamba. Upande mwingine, ukuta wa kaskazini wa Eiger nimeupaka mweupe hadi juu, wakati sehemu kubwa yake ni mwamba mtupu wa mawe ya chokaa, umesimama mno theluji haikai.

Kwa hiyo kimo peke yake hakitoshi. Barafu inataka pa kukaa. Inataka bakuli pana juu, linalopokea theluji nyingi kuliko inayoyeyuka, kisha uzito unaisukuma iteremke mbali chini ya mahali inapozaliwa. Eiger ni ndefu, haina bakuli. Nyuma ya Jungfrau na Mönch, upande wa kusini ambao watalii wa Grindelwald hawauoni, ndiko kuna bakuli kubwa.

Tumefuta na kupaka upya kwa kufuata mistari ya bluu. Nimepima Aletsch kwa uzi kutoka chini ya kipito cha Jungfraujoch hadi mwisho wa ulimi: sentimita 40, yaani kilomita 20.

Swali lililonishinda kidogo lilitoka kwa yule binti wa Lauterbrunnen: "Madam, chini ya barafu kuna nini?" Kielelezo chetu kinaonyesha uso wa barafu, si mwamba. Mita 800 za Konkordiaplatz ni milimita 16, matabaka manne. Kuna bonde zima limefunikwa pale ambalo hatukulikata. Akapendekeza mwakani barafu iwe kipande cha kuinua kama kifuniko cha sufuria. Ni wazo zuri. Sitalifanya mimi, atalifanya yeye akiwa Kidato cha Nne.

Jumla 107,500.

Jumamosi, 10 Mei 2025

Mwisho wa kazi kubwa, na kosa la mwisho.

Nilitaka waone mgawanyo wa maji. Mstari mkuu unapita Jungfrau, Mönch, Fiescherhorn, Finsteraarhorn, unaishia Grimsel. Kaskazini yake maji yanakwenda mto Aare, Rhine, hadi Bahari ya Kaskazini. Kusini yanakwenda Rhône, ziwa la Geneva, hadi Mediterania. Nikaleta bomba la sindano lenye maji, nikamwambia kijana adondoshe tone moja juu kabisa ya Jungfraujoch.

Tone liligawanyika kama vitabu vinavyosema. Likabeba na rangi. Michirizi miwili ya weupe ikashuka, mmoja Lauterbrunnen, mmoja Aletsch. Vanishi nilikuwa nimeinunua (8,000), iko kwenye mfuko, ningeipaka kesho yake. Paka vanishi kwanza.

Baada ya kurekebisha tulitumia uzi badala ya maji. Bluu kwa Aare, nyekundu kwa Rhône, kila kilele kinafungwa pini, na kutoka kwenye pini uzi unafuata njia ambayo maji yangefuata. Kanuni ilikuwa kila kikundi kitafute kilele chenye nyuzi za rangi zote mbili. Nilidhani vingi vitakuwa nazo. Vijana wa Eiger walizunguka pande zote za mlima wao na hawakupata pa kuweka nyekundu. Eiger iko mbele ya mstari, maji yake yote ni ya Aare. Schreckhorn na Lauteraarhorn vivyo hivyo. Aletschhorn, ya pili kwa urefu katika kikundi chote, haina bluu hata moja, imesimama ndani kabisa ya upande wa Rhône.

"Sasa kwa nini inaitwa Alpi za Bern?" akauliza mmoja, uzi mwekundu mkononi. Aletsch yote, na Bietschhorn, na Lötschental viko jimbo la Valais, si Bern. Nikamwambia jina limetoka kwa watu waliokuwa wanaitazama milima kutoka kaskazini. Akasema basi ni kama sisi tunavyoita Alps mlima.

Nyongeza ndogo: waya mwembamba wa sentimita 18.6 kutoka Kleine Scheidegg hadi Jungfraujoch, unaingia kwenye Eiger na kutokea upande wa pili wa Mönch. Ni reli ya kilomita 9.3, ilianza kuchimbwa 1896 na kufika kituo cha mita 3,454 mwaka 1912. Tulitoboa boksi kwa spoku ya baiskeli. Gundi ilipasuka kidogo upande wa Mönch, nimeziba.

Gharama zote: 115,500. Kati ya hizo, ramani ya kwanza, bando la kwanza na unga wa ngano ni 18,000 zilizokwenda bure, bila kuhesabu maboksi tuliyopewa ambayo yaliishia kuwa mnara wa simu.

Kielelezo kimewekwa juu ya kabati la maabara, kimefunikwa nailoni. Pini zimeisha, kilele cha Gross Grünhorn bado hakina kibandiko.